Kichwa cha Mukeke

Simu ililia Geneviève akiwa amepiga magoti kwenye mchanga wa Kalimabenge, ufukweni Uvira, akigeuza ndagala, yaani dagaa wa kukausha. Hakuipokea. Ndagala wa asubuhi hawangoji mazungumzo: upande wa juu ukikauka na wa chini ukabaki na maji, samaki huvundia ndani kwa ndani, na mnunuzi akishawanusa tu biashara imekwisha. Akaendelea kuwatandaza kwa kiganja, taratibu, huku jicho moja likiwatazama mbuzi wa jirani waliokuwa wakijifanya wanapita tu.

Simu ilipolia tena alijifuta mkono kwenye kitenge, akaibana kati ya bega na sikio. Alikuwa Fanny wa Bukavu, aliyekuwa akikaa katika nyumba ya ghorofa na mumewe Achille, mdogo wake mume wa Geneviève. Fanny aliuliza habari za watoto, habari za mvua, habari za ziwa lililopanda mwaka uliopita na kumeza nyumba za watu. Akaja kwenye lililomfanya apige.

"Mama Noella, Jumamosi tunawangojea. Ulete ndagala ya kutosha, ile ya kukauka muzuri, juu bageni batakuwa bengi. Na weye ufike mbele ya siku. Mikono yako njo tuko nategemea."

Geneviève aliuliza wageni gani. Fanny akacheka. Kwani Baba Noella hakumwambia? Binti mkubwa wa Fanny na Achille alikuwa anatolewa mahari. Upande wa mchumba wangekuja Jumamosi hiyo na watu wao, na Baba Noella, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye angesimama kusema kwa niaba ya ukoo.

Mikono ya Geneviève ilisimama juu ya samaki. Mbuzi mmoja akajipatia alichokuwa akikitafuta, akaondoka nacho, wala hakufukuzwa.

Ili ujue kwa nini mwanamke mzima aliacha mbuzi ale mali yake, lazima ujue Jumamosi ile ilikuwa siku gani. Ilikuwa siku yake. Yeye na Cyprien, fundi seremala, walikuwa wametimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na shirika lao, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila Jumatano uani kwa Mama Consolate, liliamua kuwapa zawadi ambayo haijawahi kutolewa kwenye mtaa ule. Sio sufuria, wala blanketi. Ni safari. Waende wawili tu mahali, wakapumzike, walale bila kuwaza, warudi. Kila mtu alitoa alichojaliwa, na siku ilipangwa wakati wa mwezi mpevu, kwa kuwa mwezi ukiwaka hivyo taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi hulala ufukweni, na hizo ndizo siku pekee ambazo mikono ya Geneviève huwa haina kazi.

Lililobaki lilikuwa kuchagua mji. Bukavu au Bujumbura. Na hapo, jamani, watu walichagua! Waliochagua ni wale ambao hawaendi. Mzee Libérat alisema Bukavu kuna hewa ya baridi inayofaa watu wazima. Mwingine alisema Bujumbura ni karibu mno, mtu hawezi kusema amesafiri wakati taa za huko anaziona akiwa kizingitini kwake. Walibishana Jumatano mbili, wakaulizana, wakajibiana, na katika maneno yote yale hakuna aliyemgeukia Geneviève na kumwambia, weye unapenda wapi.

Nyumbani alikuwa ameshalitamka neno lake mara moja. Bujumbura. Cyprien alikuwa akinoa msumeno, akamtazama kama mtu aliyesikia mzaha usiochekesha.

"Buja? Weye si unaendaka kila juma? Utaenda kuona nini?"

Ni kweli alikuwa akienda kila juma. Alikwenda na gunia. Alivuka mpaka wa Kavimvira na gunia, akapanda pikipiki na gunia, akaliteremsha sokoni mbele ya mwanamke aitwaye Kaneza, ambaye hutumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko kuhakikisha kwamba waliolala chini wanafanana na waliokaa juu. Wakimaliza, Geneviève hukunja gunia tupu, hulitia kwapani, na kurudi kabla mpaka haujafungwa. Hiyo ndiyo Bujumbura yake. Watu wanaompisha njiani humpisha kwa kuziba pua.

Lakini kabla ya kuingia mjini, barabara ile hupita kando ya ziwa, na hapo pana sehemu ya kulia samaki, yenye mchanga uliofagiwa na viti vya mbao chini ya vivuli vya nyasi. Watu hukaa pale miguu ikiwa mchangani, wakaletewa mukeke, samaki wa ziwa lile, ambaye kaparwa na mtu mwingine, kapikwa na mtu mwingine, na vyombo vyake vitaoshwa na mtu mwingine. Geneviève alikuwa akipita hapo kwa mwendo wa pikipiki. Hata kiti alikuwa ameshakichagua, kile cha pembeni karibu na maji, na siku akikuta kimekaliwa alikuwa akikasirika kidogo, kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake. Hajawahi kumwambia mtu habari za kiti kile. Utamwambia nani? Mtu akikuuliza unataka nini katika maisha yako, utamjibu kwamba unataka kukaa?

Jioni ile ya simu alipika mukeke. Alimpakulia mumewe kama alivyompakulia siku zote, kichwa upande wa baba. Kwao Cyprien, kule Runingu, kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba. Mama mkwe alimwambia hivyo juma la kwanza la ndoa, kwa upole kabisa, na Geneviève, msichana aliyekuwa akishika samaki tangu hajaota meno ya ukubwani, akaitikia ndiyo. Huko alikozaliwa, kichwa kilikuwa cha yule aliyempara samaki. Basi kwa miaka ishirini na mitano amepara, amekaanga, amechemsha, na hajawahi kula kichwa cha mukeke mezani pake mwenyewe. Haikuwahi kumuuma. Jioni ile ilimuuma.

Alingoja mumewe amalize jicho la kwanza, akamuuliza kama ni kweli Achille ana karamu Jumamosi.

Cyprien hakukana. Alisema ni kitu kidogo. Wangefika, wangesaidia, na karamu ikiisha wangetembea, wangeona mji, wangepiga picha.

"Nani atasaidia?" aliuliza Geneviève.

"Weye njo mukubwa wa babibi ba familia. Sasa watapika namna gani bila weye?"

Kisha akaweka mfupa chini na kusema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa muda mrefu. Achille hakuja kwenye arusi yao. Alisoma, akapata kazi ya ofisi, na akasema hawezi kutoka Bukavu kuja kushangilia kaka yake akioa binti wa ndagala. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita Cyprien kwa jambo lolote la maana. Sasa alimwita. Alimwita asimame mbele ya watu, avae koti, aseme kwa ajili ya ukoo. Cyprien alipofika hapo akanywa maji.

Geneviève alimhurumia. Ndiyo, alimhurumia, na papo hapo hasira ikampanda kwa sababu ya ile huruma yenyewe. Kumbe tusi alitukanwa yeye, na malipo anakwenda kuchukua mumewe, na atakayewapikia wote wawili, mtukanaji na mlipwaji, ni yule yule binti wa ndagala. Safari gani hiyo? Huko ni kutoka jiko moja kwenda jiko jingine, tena lililo mbali. Alichukua sahani akaenda kuziosha, na siku hiyo vyombo viligongana mpaka majirani wakajua.

Jumatano shirika lilikutana alasiri kwa Mama Consolate, kwenye mabenchi ambayo Cyprien mwenyewe aliyachonga. Waliimba, wakasoma Injili, wakafika kwenye kuwabariki wasafiri. Shirika lile lina desturi yake. Mume na mke wakiitwa kusema, mume husimama na kusema, halafu mke huambiwa, Mama, ongeza. Na nyongeza kila mwanamke pale anaijua kwa moyo kama Salamu Maria: minye siko na ya kuongeza, ile baba alisema njo yetu bote. Wanawake huitamka wakiwa wameshaanza kukaa.

Cyprien alisimama na koti lake, koti lile lile alilokwisha kulipeleka kupigwa pasi kwa ajili ya Bukavu. Alishukuru vizuri, kwa sababu anajua kusema. Kisha akatangaza mji. "Ni Bukavu. Mama Noella na minye tulikaa, tukazungumuza, tukapatana."

Makofi yakapigwa. Mzee Libérat alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Ikasemwa, Mama, ongeza.

Geneviève alisimama. Alikuwa amekuja akiwa amekwisha kujiandaa kusema yale ya siku zote. Kwa kweli yalikuwa mdomoni tayari. Bukavu angeivumilia, amevumilia makubwa zaidi. Kilichomshinda ni lile neno moja, tulikaa.

"Hatukukaa," alisema. "Baba Noella alikaa. Minye nilikuwa nasimama na sahani."

Mtu alikohoa. Cyprien alitazama chini, kwenye ubao wa benchi alilolichonga.

"Munatupatia safari ya kupumuzika. Aksanti, Mungu abarikie. Lakini ku Bukavu hawaningojee minye, banangojea mikono yangu. Na munasema ku Buja naendaka kila juma. Minye sijafika ku Buja hata siku moja. Ndagala njo inafikaka. Minye naibebaka tu, naiweka chini, narudia."

Akakaa. Hakuna aliyejua la kuimba. Mzee Libérat alisema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba shetani hupenda kuingilia jubilei. Mwanamke mmoja nyuma alianza kicheko, akakimeza. Wote wakamgeukia Mama Consolate, kiongozi wao, mjane mwenye sauti nzito ambaye watu walizoea kungoja akate maneno. Akiwa na rozari mkononi, alimwangalia Geneviève kama ambaye amemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Zawadi ilikuwa ya bantu babili," alisema hatimaye. "Kila muntu achukue nusu yake, aende fasi yake." Watu walipoanza kunyanyuka akaongeza, pengine kwa nafsi yake, "Minye niliongeza mpaka nikamuzika bwana yangu."

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Cyprien alilala ameelekea ukutani. Alisema sentensi moja tu, kwamba amemvua nguo mbele za watu, na baada ya hiyo akawa anazungumza na mbao. Bombani wanawake walinyamaza Geneviève alipofika na ndoo, wakaanza tena alipoondoka. Walikuja wawili kumshauri aombe msamaha. Walikuwa wale wale waliompigia vigelegele siku zawadi ilipotangazwa. Mmoja alimwambia mwanamke wa miaka yake hatafuti mambo ya kukaa ufukweni kama wachumba. Geneviève aliwapa viti, akawapa maji, akawasikiliza mpaka mwisho, na walipoondoka alijikuta ameng'ata mdomo hadi damu.

Alijiuliza, usidhani hakujiuliza. Je, koti lile ni dhambi? Je, mtu asiende kusimama mahali ambapo alidharauliwa, akasimama vizuri? Aende. Tena aende na koti limenyooka. Ila asimbebe mwenzake kama mzigo wa kwenda nao, halafu mzigo huo auite safari yake.

Mwezi ukapevuka. Mitumbwi ikavutwa nchi kavu, nyavu zikaanikwa, na wavuvi wakawa wanalala mchana kutwa. Ijumaa Geneviève alijaza gunia la ndagala, wale wa juu na wale wa chini sawasawa, akalishona mdomo kwa uzi wa nailoni. Jumamosi asubuhi aliliweka mlangoni, karibu na viatu vya mumewe vilivyopakwa rangi.

"Ndagala ya Fanny iko hapa," alisema. "Mikono inabakia na minye."

Basi ikawa kwamba Cyprien, ambaye hajawahi kushika gunia la mkewe, alilibeba. Walitoka pamoja maana njia ni moja: anayekwenda Bukavu na anayekwenda Bujumbura wote hupita Kavimvira, na ni hapo tu ndipo barabara zinapoachana. Ndani ya gari alikaa na gunia mapajani, koti limejikunja, na abiria wa pembeni yake akafungua kioo. Geneviève aliona mumewe akiona kioo kikifunguliwa. Yeye mwenyewe alikuwa amejisugua mikono kwa ndimu na majivu tangu alfajiri, amevaa kitenge cha jubilei, na kwa mara ya kwanza njiani hapo hakuwa amebeba chochote isipokuwa kipochi.

Kwenye njia panda gari lilisimama, akateremka.

"Geneviève," mumewe alimwita. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu Noella, kifungua mimba wao, alipozaliwa. "Unaniacha niende peke yangu?"

Alisimama ameshika mlango. Jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa kali, na alikuwa na haki nalo.

"Minye naendaka peke yangu siku zote," alisema. "Kiti kiko kando ya maji, mbele ya kuingia mu mji. Fasi ya mivuli ya manyasi. Ukiulizia watakuonyesha."

Alikuwa hajamwambia mtu kamwe habari za kiti. Dereva alipiga honi. Akaufunga mlango, gari likashika njia ya kaskazini kuelekea Kamanyola, na vumbi likalificha.

Mpakani yule ofisa aliyemzoea aliinua macho kutoka kwenye muhuri wake, akamtazama kichwani, akamtazama mgongoni, akauliza leo mzigo uko wapi. Geneviève akamwambia leo anajibeba mwenyewe. Ofisa akacheka, akagonga muhuri, na Geneviève akapita mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi.

Kiti kilikuwa kitupu. Aliogopa kukikalia. Alisimama kando yake kama mtu anayengoja kuitwa, mpaka mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye aproni nyeupe, alipomvutia kiti na kumkaribisha kwa Kirundi. Akakaa. Alivua viatu, akazika miguu mchangani. Mchanga ulikuwa wa joto, ule ule wa Kalimabenge, ila huu haukuwa na kitu cha kugeuza juu yake.

Aliagiza mukeke. Mhudumu akauliza mmoja au wawili, akasema mmoja, mkubwa. Mhudumu akagusa kiti cha pili, kile kilichomkabili, akaomba akihamishie kwa wageni wengine waliokuwa wakifika.

"Kiache," alisema Geneviève.

Akangoja. Hilo nalo lilikuwa geni, kungoja chakula. Mara mbili alitaka kuinuka akaangalie moto. Alijizuia, akatazama ziwa, na ndipo alipoiona Uvira. Ilikuwa ng'ambo, chini ya milima, mstari wa mabati yanayometa, ndogo kiasi cha kuizuia kwa kiganja. Miaka yote amesimama kule akitazama huku. Alitafuta kwa macho mahali ambapo mchanga wake ungekuwa, uani kwa Mama Consolate, bombani. Huwezi kuona mtu kutoka hapa. Watu wote wale waliokuwa wakimsema, hawakuwa na ukubwa wowote. Machozi yalimtoka, naye akayaacha, hayakuwa ya huzuni tu. Mengi yalikuwa ya hasira iliyokaa sana mahali pamoja.

Samaki akaja. Alikuja mzima kwenye sahani ndefu, amechomwa, na vitunguu na ndizi pembeni, na mhudumu, kwa mazoea ya kazi yake, aliigeuza sahani kichwa kikaelekea kile kiti kitupu, upande wa bwana. Akamtakia chakula chema, akaenda.

Nyuma yake, huko barabarani, pikipiki ilisimama. Pikipiki nyingi husimama pale. Mtu aliteremka, akatua gunia chini, akakohoa vumbi, akauliza kitu getini kwa sauti ambayo upepo uliirudisha nchi kavu kabla haijafika. Kisha upepo ukageuka, na Geneviève akasikia harufu ya ndagala waliokaushwa vizuri. Alinusa vidole vyake. Ndimu, na majivu kidogo.

Hakugeuka. Alishika sahani kwa mikono miwili, akaizungusha polepole mpaka kichwa kikaja upande wake, akaingiza kidole chini ya shavu la samaki, mahali penye nyama laini kuliko zote, na kuanza kula.